Jani la Isale la Mara ya Tatu

Wiki iliyopita mwanangu kang'oa ua wa isale, ile mimea ya mpakani, kati yetu na jirani, kajenga ukuta wa matofali. "Mama, sasa tunaonekana watu." Kihamba hiki, shamba letu la ukoo, ni cha baba yangu. Ndoa ilinishinda nikarudi, nikasomesha watoto wanne kwa ndizi na maziwa, silii ovyo. Siku ile nililia.

Kwenye ua ule tulicheza kesi, mimi na binti wa jirani. Mmoja anaiba ndizi, mwingine anashtaki. Mwizi anavunja jani la isale, analifunga fundo, anapiga magoti. Desturi yetu unaijua: ukiletewa isale, hata mtu kakuulia ng'ombe, unasamehe. Ila mchezoni tulikuwa na sheria yetu: kataa mara mbili, tena kwa matusi, ya tatu upokee. Utamu ulikuwa hapo. Unatukanwa huku unajua utasamehewa. Tulicheka mpaka bibi anafoka kwamba ng'ombe hawajakatiwa majani.

Miaka hiyo mitumba ndiyo imeanza kumwagika sokoni Kiboriloni. Bibi akauza mkungu, akaniletea gauni la njano lenye kola nyeupe, la kwanza ambalo sikurithi kwa dada. Siku hiyohiyo tukaenda kuteleza mteremkoni juu ya magome ya mgomba. Mwenzangu akanisukuma, gauni likaingia utomvu. Utomvu wa mgomba hautoki, fua utakavyo. Nilichapwa, nami nikamnunia juma zima.

Asubuhi moja akaja na jani lake, akapiga magoti kwenye umande.

"Peleka kwa mbuzi wenu!"

Akaenda, akarudi na jingine. "Nisamehe, dada."

"Hata mbuzi hawalitaki, mchafu we!"

Akaenda tena. Nikakaa namsubiri, jibu la kupokea ninalo mdomoni. Likapita lori lenye vitanda na kuku wao. Baba yake alikuwa kakichoka kilimo cha kahawa, anawahamishia Morogoro. Hatukuonana tena.

Watu huniambia, mlikuwa watoto, ulidhani ni mchezo. Uongo. Macho yake yalikuwa yamevimba, niliyaona. Nilijificha nyuma ya mchezo ili nimuumize vizuri.

Wajukuu wangu wakigombana, mkubwa humtupia mdogo "sori" macho yakiwa kwenye simu, basi, yamekwisha. Hakuna anayepiga magoti, hata kwa kucheza.

Kabla mashina ya ua ule hayajachomwa nilivunja jani moja, nikalifunga fundo. Liko juu ya kabati, linakauka. Nimpelekee nani?