Viazi Vyekundu vya Kilimani

Hadi leo nikikumbuka siku ile ya kuchimba viazi, moyo unanienda mbio. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa, kijijini kwa mume wangu, kwenye vilima vya mashariki ya Kabambare, enzi Wabelgiji walipotulazimisha kulima pamba. Monita wa kilimo, mtu mweusi kama sisi aliyetumwa na serikali, alituletea mbegu za viazi vya kizungu, aina mbili, nyeupe na nyekundu.

"Shamba yenye itazaa viazi, pamba haitaingia," akatangaza. "Yenye haitazaa, musimu unaokuja iko ya pamba."

Shamba bila pamba! Nusura niruke mbele za watu. Mama mkwe akachagua kwanza, kama ilivyo haki ya mkubwa. Alichukua mbegu nyeupe, nono, azipande bondeni, kwenye udongo mweusi alioulima tangu alipoolewa. Mimi akaniachia mbegu nyekundu zilizonyauka, na kipande cha kilimani chenye mawe, ukungu na baridi.

"Kule hata panya haikae," akanicheka. Mkwe hajibiwi. Lakini rohoni niliapa kwamba ataona.

Ila mwanzoni aibu ilinipata mimi. Majani ya bondeni yalifika magotini, wapita njia wakasimama kuyasifu. Yangu yalikuwa mafupi, yamejikunyata. Kwa furaha, mama mkwe akafanya kile ambacho kila mwanamke wa kwetu hufanya akiona kiazi kimestawi: alichuma majani kama tunavyochuma matembele ya viazi vitamu, akayapika kwa mawese. Yalikuwa machungu kama shubiri, na matumbo yakatukata siku mbili. Yeye alisema kosa ni la mawese.

Viazi vilipokomaa, monita alirudi na kamba yake ya kupimia. Tukaanza bondeni. Mama mkwe akapiga jembe, akang'oa shina: majani tele, na chini viazi vidogo kama njugu. Shina la pili, njugu. La tatu, njugu.

"Joto ya huku chini," monita akasema. "Hii aina inakula nguvu yote kwa majani." Akachomeka kijiti cha kwanza cha kuonyesha kwamba hapo patalimwa pamba.

Sikungoja. Nilipanda kilima mbio, kitenge nimekishika mkononi, kijiji kizima nyuma yangu. Nikapiga jembe mara moja tu. Viazi vyekundu saba kwenye shina moja, vingine vikubwa kama ngumi! Shina la pili, tisa! Nikapiga vigelegele, wanawake wakapokea, nikacheka na kulia papo hapo, hata nikampiga monita begani, jambo ambalo hakuna aliyethubutu. Kilima changu! Pamba haiingii!

Ndipo nikageuka nimwone mama mkwe. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu, makali. Alikuwa amesimama ukingoni, anatazama bondeni, kwenye kijiti kile. Nikamsogelea.

"Mama," nikamwambia, "hii nusu ya juu iko yako. Musimu unaokuja tutalima wote huku."

Alikuja, akapiga magoti kwenye mawe, akaliweka jembe kando, akaanza kufukua kwa vidole, polepole, asije akajeruhi hata kiazi kimoja.