Kuoga na Kuogelea

Mume wa dada yangu tulimwita Filimbi, maana filimbi ya kazini haikumtoka shingoni hata akija kula. Zamani alipaka rangi majumba; mgongo ulipomkatalia ngazi, akapata kibarua cha ulinzi kwenye hifadhi yenye ziwa na maporomoko, watu wanakokwenda kupunga hewa. Mimi nilimtangulia hapo, nakodisha boti ziwani, maji yalikotulia. Yeye akapewa bwawa la chini ya maporomoko, ambalo humvuta mtu chini kimyakimya. Msimamizi alimwambia wazi: msimu ukiisha bila mtu kuingia bwawani, anaajiriwa moja kwa moja.

Bango alilichora mwenyewe, herufi nyekundu zilizonyooka: MARUFUKU KUOGA HAPA.

"Andika watu wasiingie majini," nikamwambia.

"Shemeji, kodisha boti zako. Kila mtu anajua kuoga ni nini."

Rangi ilikuwa bado imo koponi. Kuongeza neno kusingemgharimu kitu, lakini Filimbi akishasema, amesema.

Jumapili moja nilikuwa nimepita bwawani kumsalimu, akaja fundi cherehani na familia yake. Tulipogeuka, fundi yumo bwawani, maji kifuani. Filimbi akapuliza mpaka mashavu yakamvimba.

"Mzee, husomi?"

"Nimesoma, kaka. Sabuni iko wapi? Dodoki liko wapi?" Fundi akainua mikono mitupu. "Kuoga nimeoga nyumbani asubuhi. Hapa naogelea."

"Na hiyo ya nyumbani nani kaiona?" mkewe akadakia kutoka ukingoni.

Watu wakaangua kicheko. Filimbi hakucheka. Alijua lile bwawa halina utani, akaingia na viatu vyake, akamkamata fundi mkono na kumkokota nje. Msimamizi akawakuta wote wawili wanachuruzika.

"Bango linasemaje?" akauliza.

"Linakataza kuoga," fundi akajibu. "Nami sikuoga."

Msimamizi akalitazama, kisha akamtazama Filimbi. "Nani kaandika hivi?"

Nikamkonyeza Filimbi amsingizie mchoraji yeyote. Rangi haina sahihi. Yeye akaanza kueleza kwamba kwao kuoga na kuogelea ni kitu kimoja, kwamba mama yake mzazi anasema hivyohivyo, kwamba mwenye akili angeelewa. Msimamizi, aliyepita mbele ya bango lile kila siku, hakupenda hilo la akili. Hapo nikajua mambo yamekwisha.

Ajira akapewa mwingine. Filimbi akanifuata gatini, kofia mkononi, akaniuliza kama nina nafasi. Nilikuwa nayo: kuwafunga wateja majaketi ya kuokolea. Nikataja ujira wa chini, nikijiandaa yeye aupandishe. Hakuupandisha. Kwa mtu aliyebishana na msimamizi mbele za watu, nilitegemea japo neno moja.

"Naanza lini, shemeji?"

"Wateja wale pale wanashuka. Shika kamba ya boti."

Akaishika.