Nilimtafsiri Kama Alivyosema

Sijamsamehe, na nisingependa mtu anisomee mistari ya kusamehe. Mama yangu alishajaribu, pale kwetu Robanda, huku akichambua mahindi yaliyobakizwa na tembo. Nilimuuliza, "Mama, wewe tembo umewasamehe?" Akacheka, akaendelea kuchambua.

Mtu ninayemsema alikuwa mkuu wa waongoza watalii katika kambi moja karibu na geti la Ikoma, la kuingilia hifadhini. Mimi nilikuwa mhudumu wa mezani kambi hiyohiyo. Yeye alitoka mkoa mwingine, akaja na leseni yake, Kiingereza chake kilichonyooka na maringo ya kutosha watu wawili. Mimi nilikuwa na kitu kimoja ambacho kambi nzima hakuna mwingine aliyekuwa nacho: Kijapani.

Nilikipata nikiwa sekondari, kwa mwalimu wa hisabati wa kujitolea aliyetoka Japani na kupanga nyumba jirani na kwetu. Nilimchotea maji, nikamfundisha kusonga ugali, naye akanionyesha kwenye kompyuta yake katuni za kwao, mieleka ya televisheni, na shindano la waimbaji ambalo nchi nzima hulitazama mwaka unapoisha, timu nyekundu ya wanawake dhidi ya timu nyeupe ya wanaume. Miaka mitatu tulikaa hivyo. Alipoondoka nilikuwa naota kwa Kijapani.

Sasa, mwaka ule Wamarekani walikuwa wanaelekea kwenye uchaguzi wao. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, familia moja ya Kimarekani iligombana mezani mpaka mwanamume mmoja mwenye mvi akabeba sahani yake, akahamia meza ya pembeni na kumpa dada yake kisogo. Tumbo moja hao. Jirani yao walikaa walimu wastaafu kutoka Japani, wengi wao akina mama. Wakaniita kwa sauti ya chini: kuna nini pale, wamefiwa?

Nikawaambia hawajafiwa, ni siasa. Nikaona hawajaelewa. Nikaweka sinia chini.

Nikawaambia: chukueni lile shindano lenu la wekundu na weupe. Marekani nako kuna wekundu na wa buluu, na kila nyumba ina upande wake. Ila nyinyi shindano likiisha mnakula tambi zenu za mwaka mpya pamoja, na kesho yake hakuna anayejali nani alishinda. Wale wameshaimba, wameshapiga kura, miaka inapita, na tambi bado hazijaliwa. Kisha nikaongeza mieleka. Yule mtu mbaya anayeingia ukumbini akitukana watu, kazi yake ndiyo hiyo. Kadiri anavyozomewa ndivyo viti vinavyojaa, na akifika nyuma ya pazia anapeana maji na aliyempiga. Wanasiasa wa kule wamejifunza ufundi huo. Shida ni kwamba wapo watazamaji ambao hawajaambiwa habari za nyuma ya pazia, kama yule aliyehama na sahani.

Bibi mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi. Kabla ya kuondoka wakaandika ukurasa mzima kwenye kitabu cha wageni, na walipofika kwao wakamsimulia wakala wao wa safari. Kundi lililofuata likaja likiwa limeomba, pamoja na simba na nyumbu, "yale maelezo ya Marekani".

Meneja wetu, Mkenya kutoka upande wa pili wa mpaka wa Sirari, alifurahi. Kwenye kikao cha asubuhi akatangaza kwamba mwenye maelezo hayo, yeyote awaye, atakabidhiwa makundi yote ya Wajapani, na kama hana leseni, kambi itampeleka kusomea. Miaka mitano nilikuwa nawafungia wenzangu chakula cha njiani na kuwapungia mkono gari likiondoka. Kiti cha mbele kilikuwa kinaniita.

Kabla sijafungua mdomo, mkuu wa waongoza watalii akasema, "Hayo ni ya kwangu, bosi. Huyu mdogo wangu alinitafsiria tu."

Nilikimbia kuleta kitabu cha wageni. Nikasoma mbele ya wote, neno kwa neno, pale wanapomsifu dada aliyewaletea supu. Yeye akacheka, tena kwa upole, kama mtu anayemhurumia mtoto. "Anajisomea sifa zake mwenyewe. Nani atahakikisha?" Meneja akajaribu kuupiga picha ule ukurasa ili simu yake imtafsirie. Mwandiko wa bibi yule ukatoka kuwa habari za samaki na kifuniko cha sufuria. Kikao kizima kikaangua kicheko. Meneja akanirudishia kitabu.

"Sasa dada, ni wewe pekee unaweza soma hii kitu. Mimi nitaamini aje?"

Nilirudi jikoni nikakata vitunguu ambavyo havikuhitajika na mtu. Kuitwa mwongo kwa lugha niliyoichotea maji miaka mitatu! Toka siku ile nilimchukia yule mwanamume, na chuki yangu niliitunza vizuri, nikailisha, nikaipa mahali pa kulala.

Ikaja kazi mpya. Yeye angesimama mbele ya Wajapani kila baada ya chakula cha mchana, aongee kwa Kiingereza, nami nisimame pembeni na aproni yangu nitafsiri. Nilichokuja kugundua ni kwamba hayo maelezo aliyoyaiba hakuwahi kuyaelewa. Kwanza, aliamini mieleka ile ni vita vya kweli. Alishakosana wiki nzima na mpishi wetu, Mkurya wa Nyarero, mbele ya televisheni ya wafanyakazi.

"Weee, yale ni maigizo! Wanapangiwa!" mpishi alisema.

"Na damu je? Nayo imepangwa?"

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akiwaeleza walimu wastaafu siasa za Marekani. Akiboronga, narekebisha. Akisema tembo anaishi miaka mia mbili, natamka umri sahihi. Akisema watu wa vijiji vya jirani, yaani mama yangu na mimi, ni majangili wa kuzaliwa, mimi nasema kwa Kijapani kwamba watu wa vijiji vya jirani hulima mahindi na tembo huyavuna kabla yao. Kwa nini nilifanya hivyo? Niliwaonea aibu wageni. Niliionea uchungu pia lugha yenyewe, sikutaka iseme upuuzi ikiwa kinywani mwangu. Mwaka mzima alipigiwa makofi kwa akili yangu, na mwaka mzima nikajifariji kwamba ni mjinga tu, hajui kitu.

Halafu akaja wakala mwenyewe wa Japani, mzee mwembamba mwenye daftari, akiongozana na kundi la watu kumi na wawili. Alikuja kuamua kama ataendelea kutuletea wageni. Asubuhi hiyo mkuu wangu aliniletea shati lake. "Mdogo wangu, nipigie pasi hili, leo nitapigwa picha." Nilipiga pasi, kola hadi mikono. Za mwizi arobaini, na pale kwenye meza ya pasi nikaona zake zimetimia. Niliamua kwamba siku hiyo nitakuwa mkalimani mwaminifu.

Tulikaa chini ya turubai baada ya chakula, meneja akiwa safu ya nyuma. Mkuu akaanza, kifua mbele. Nami nikaanza, kila sentensi kwa neno lilelile: anasema.

Anasema majirani wa hifadhi hii ni majangili wa kuzaliwa. Anasema Marekani kuna wekundu na wa buluu, na wekundu ni wakomunisti, kama ilivyo duniani kote. Anasema hata kwenu Japani timu nyekundu ya waimbaji ni wanawake, kwa hiyo wanawake wa Japani nao wana ukomunisti ndani yao. Anasema siasa za Marekani ni kama mieleka, ambayo ni vita vya kweli kabisa, na rais huwa ni yule aliyewapeleka wenzake wote hospitali.

Sikuongeza hata chembe. Sikukaza sauti wala sikutabasamu. Nilichagua maneno yangu kwa uangalifu kuliko siku zote, maana nilitaka kila mtu pale ayapate kama yalivyotoka. Nilikuwa na furaha, na sitaifichaficha: nilikuwa na furaha kuliko siku zote pale kambini.

Wajapani hawazomei. Mama mmoja akatazama viatu vyake. Mzee wa daftari aliandika, akaacha, akaandika tena. Mkuu alizoea vicheko mahali pale, akaona havijaja, akarudia ule mfano wa hospitali kwa sauti ya juu zaidi. Nikautafsiri mara ya pili. Jasho likaanza kulowanisha ile kola.

Ndipo akaniinamia sikioni, akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Mdogo wangu, mbona wamenuna? Hebu rekebisha bwana, kama unavyorekebisha siku zote."

Kumbe alijua. Aliposema pale kikaoni kwamba najisomea sifa, bado ningeweza kudhani anajidanganya. Lakini mwaka mzima alisimama mbele yangu akijua makofi yale ni ya nani, na bado akaniletea shati lake. Ile huruma kidogo niliyokuwa nimebakiza kwa ajili ya mjinga ikaisha hapohapo.

Niliwageukia wageni, nikainamisha kichwa kwa adabu kama nilivyofundishwa. Nikasema, "Anasema nirekebishe, kama ninavyorekebisha siku zote."

Mzee akaweka kalamu chini. Akamgeukia meneja, akamuuliza kwa Kiingereza cha polepole kilichosikika na kila mtu: makundi yake, mwaka mzima huu, yamekuwa yakimsikiliza nani hasa? Meneja alimtazama mkuu, mkuu akaitazama nguzo ya turubai. Mzee akaniomba niendelee mwenyewe, bila "anasema". Niliongea karibu saa nzima nikiwa na aproni.

Kambi ilinipeleka kusoma, leseni ninayo. Makundi ya Wajapani ni yangu, nami nakaa kiti cha mbele. Yeye meneja alimvua ukuu, sasa ndiye dereva wetu, na ananiita dada, lile la mdogo wangu limeisha. Wageni wanapocheka huko nyuma, anakaza mikono kwenye usukani, anawatupia jicho kwenye kioo. "Dada, wanasema nini?" Juzi walikuwa wanamcheka ngiri anayekimbia mkia juu. Siku nyingine ni kofia ya mwenzao iliyopeperushwa na upepo. Hakuna hata mmoja kati yao anayemfikiria, wengi hawajui hata jina lake. Lakini yeye ameshaamini kwamba wanamcheka yeye, kila siku, kila safari. Ningeweza kumtuliza kwa sentensi moja tu. Sijamtafsiria.