Mruko wa Tatu Nukta Nne

Sifa ni kwa Mungu aliyeniamsha tena leo, magoti yakilalamika lakini macho yakiona. Nayashukuru macho hasa, maana mwaka jana, katika michezo ya watoto wa kanisa letu karibu na Tala, yalikubali jambo ambalo kichwa changu kilikuwa kimelikataa.

Siku hiyo nilipewa kazi ya kuandika matokeo. Walisema ni kwa sababu ya uaminifu wangu, nami sikuwabishia. Wasichana walikuwa wanashindana kuruka kwenye mchanga wa mto uliobaki tulipojenga choo. Mmoja tu, atakayeruka mbali zaidi, angetuwakilisha Machakos mjini. Watoto walipima wenyewe kwa tepu, wakanitajia nambari, nikaandika, kisha wakasawazisha mchanga kwa ajili ya anayefuata. Mwishowe wawili waliwapita wenzao wote: binti wa jirani, mita 3.4, na mjukuu wangu, mita 3.25.

Nikasimama nikamtangaza mjukuu wangu mshindi.

Nilikuwa na sababu, tena takatifu. Nimesoma Biblia tangu ujana, na katika sura ya tatu, aya ya nne huja mapema. Ya ishirini na tano huifikii mpaka umesoma sana. Kwa hiyo 3.25 ilikuwa mbele. Kwamba huyo wa mbele alikuwa wa damu yangu, niliona ni baraka ya ziada tu.

Yule binti hakulia. Aliinama, akawa anapandisha soksi zake. Aliyesema ni nyanya yake, kutoka kwenye kivuli cha ukuta.

"Mzee wa kanisa, kalamu ni yako, daftari ni yako, na mshindi ni wako. Sisi tuliitwa kupiga makofi?"

"Mama, tusikosane. Ishirini na tano na nne, kubwa ni gani?"

"Mimi sikusoma. Lakini macho niko nayo."

Hapo binti akanijia. "Babu, naomba nikuonyeshe."

Akachukua reki ya kusawazishia mchanga, na kwa mpini wake akachora mstari mrefu mchangani. Mwanzo akaandika 3, mwisho 4, katikati akagawa hatua kumi zilizo sawa.

"Hapa ni tatu pointi moja, hapa pointi mbili, pointi tatu, pointi nne. Mimi niko hapa." Akasimama. "Sasa tatu pointi mbili tano. Unafika kwa mbili, halafu unaenda nusu ya njia ya kufika kwa tatu. Hiyo tano ni vipande vidogo, Babu. Yangu pia ukitaka iandike 3.40, ni ile ile."

Akamshika mjukuu wangu mkono, akamweka katikati ya alama ya pili na ya tatu.

Nikatazama. Mjukuu wangu alikuwa nyuma hatua moja na nusu, na sikuwa na aya ya kumsogeza. Nikafuta, nikatangaza upya.

"Sauti, mzee!" nyanya akaita. "Ile ya kwanza ilifika Kangundo!"

Nikarudia kwa sauti. Binti akaruka juu mara mbili, bila kupimwa na mtu.

Tukirudi nyumbani nilimwuliza mjukuu wangu kama ameumia moyoni.

"Hapana, Babu. Nilijua ni yeye ameshinda. Desimali tulisoma muhula uliopita."

"Na ukanyamaza?"

"Si wewe hutuambia tusijibizane na wazee?"

Miaka mingi nimeomba watoto wa nyumba hii wawe watiifu, na Mungu amenijibu kikamilifu. Tangu jioni ile nimeongeza ombi dogo, kwamba nikikosea wanikatize.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akuweke mahali pako hasa, asikupunguzie hata kipande kidogo, na nyumbani mwako asikosekane mtoto wa kukuchorea mstari.