Watu wa Udongo Karibu na Bomba

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinitetee. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kosa hili halikutokana na kukosa shule. Ninaliandika kwa sababu mtaani limeshasimuliwa vingine.

Nyumba yangu iko Kariakoo, moja ya zile chache za chini zilizobakia katikati ya maghorofa. Naishi na mjukuu wangu wa kike, yuko darasa la sita, vyumba vingine vina wapangaji. Chumba cha mbele yumo fundi cherehani, mama niliyekaa naye miaka mingi. Cha uani alikuwemo msusi, mama wa Lindi, ana miezi minane tu kwangu. Alikuwa akisukia pale pale uani chini ya turubai, na wateja wakimfuata hata kutoka Magomeni.

Asubuhi moja maji machafu yalituama karibu na bomba. Fundi akachukua jembe achimbe mfereji. Mara nikasikia ukelele. Kutoka, namkuta kaganda na jembe lake, na pale chini kuna watu wa udongo. Saba, urefu wa kidole, wamelazwa kwa mstari. Kila mmoja kafungwa uzi mwekundu kiunoni, kachomekwa pini mkononi, na utosini ana nywele. Nywele za watu kabisa, zimepigwa fundo.

"Mama, tumekwisha," fundi akasema. "Nywele humu ndani zinatoka kwa nani kama si kwa huyo?"

Msusi alikuja na kitana mkononi, mteja wake nyuma, kichwa kimesukwa nusu.

"Bibi, nywele nafagia kila jioni, natupa jalalani. Si unaniona?"

"Unatupa au unapanda?" fundi akamdakia. "Maana zimeota watu!"

Yule mteja akajifunga kitambaa juu ya nusu yake, akaondoka bila kuaga.

Nilimwambia msusi ahame kabla ya adhuhuri. Alifungasha, akasimama mlangoni na mabegi yake mawili. "Hujaniuliza hata swali moja, bibi," akasema. Akaenda. Vile vidude tukavimwagia mafuta ya taa, tukachoma.

Saa tisa mjukuu wangu akarudi shule. Akanipa shikamoo, macho yakiwa kwenye bomba.

"Bibi, nani kachimba hapa? Askari wangu wako wapi?"

"Askari gani?"

"Wa mfalme wa China!"

Wachina nawaona kila siku hapa Kariakoo, wanauza mabegi na wanabishana bei kwa Kiswahili. Sikujua kama walikuwa na wafalme. Mtoto akanieleza kuwa zamani sana mfalme mmoja wa huko alizikwa na jeshi zima la udongo limlinde. Mwalimu kawaambia kila mmoja atengeneze askari wake, awafukie siku chache wachakae, kisha wafukiwe tena shuleni, darasa liwachimbue kwa brashi taratibu, waandike hawa walikuwa watu gani. Askari wale walifunga nywele fundo utosini, ndiyo maana akaokota nywele chini ya turubai la msusi. Na askari lazima awe na mkuki.

"Pini umetoa wapi?"

"Kwa fundi, chini ya cherehani. Na uzi wa mikanda yao pia."

Fundi alikuwa mlangoni kwake anasikia. Akainama.

Sote asubuhi tuliziona zile pini, na mwenye pini nyumba nzima ni mmoja. Hakuna aliyemgeukia. Mimi mwenyewe sikumgeukia, kwa sababu fundi ni wetu, na yule mwingine kaja juzi.

"Kwa nini hukuniambia unafukia vitu uani?" nikamfokea mtoto.

"Nilikuambia, bibi. Ukasema niache Wachina wangu, nikaoshe vyombo."

Kweli nilisema hivyo.

Nilimtafuta msusi siku mbili, nikampata Buguruni, kapanga chumba kimoja kinachotazama barabara. Ilikuwa Alhamisi alasiri, saa ambayo kwangu alikuwa na foleni. Alikuwa kakaa peke yake kibarazani, na kigoda cha mteja kitupu mbele yake.

"Shikamoo."

"Marahaba." Nikamweleza yote, nikamwambia nimekosa, arudi nyumbani.

"Nirudi nimsuke nani? Yule wa nusu kichwa kashasema mpaka Magomeni. Msusi anayefukia nywele za watu, bibi, wewe ungemletea mtoto wako?"

Nikamwomba samahani tena.

"Samahani yako nimeisikia," akasema. "Lakini umekuja kuniomba tuko wawili. Kunifukuza ulinifukuza mbele ya watu."

Nikamuuliza kama Jumamosi ana nafasi. Akacheka, cheko baya. "Nafasi? Ndicho kitu pekee nilicho nacho."

Sikulala vizuri, kwa sababu sikuwa na hakika kama ninachotaka kufanya kitamrudishia hata mteja mmoja. Lakini kesho yake niliwaita wanawake wote wa nyumba uani, mjukuu wangu na fundi wakiwemo, nikawaambia hivi: Kesho Jumamosi asubuhi tunakwenda Buguruni sote. Tutasukwa kibarazani kwake, barabara nzima ione. Nitaanza mimi na mvi zangu, fundi atafuata. Atakayewauliza nani kawasuka, mtajeni kwa sauti. Na asiyetaka kumpa kichwa chake, leo hii anipe ufunguo wa chumba.