Hatua za Ndani

Mimi ni mtu wa kupenda sifa, sikatai. Siku ya harusi ya jirani yetu hapa Kibiti, singeli ilipigwa kwa kasi mpaka vumbi likatuingia puani. Wasichana waliotoka Dar wakanicheka: "Huyu wa delta anajua kupanda mpunga tu!" Nikapandwa na hasira. Nikavua ndala, nikaingia kati.

Mitindo yao sikuwa nayo. Miguu ikachukua ilichokijua: hatua za unyago. Bibi yangu wa Mbuchi kule delta, mama yake baba, ndiye kungwi aliyenifundisha nilipokuwa mwali, mlango umefungwa, tupo wanawake peke yetu. Kisigino, vidole, kisigino, nyayo zinasugua sakafu bila kunyanyuka, halafu unasimama ghafla. Kila hatua ina funzo lake la ndoa, na mwanamume haruhusiwi kuiona. Nilijua vizuri sana. Nikazicheza hivyo hivyo, kwa kasi ya singeli, wanaume wakipiga miluzi na simu zimeinuliwa. Wale wa Dar wakanywea. Loo, nilivyojiona!

Wiki haikuisha, video ikafika Mbuchi. Vijana wa kiume wakawa wanazicheza hatua zile gatini, wanacheka. Wanawake wakajua zimetoka kwa nani.

Bibi alikuwa anangoja kumcheza unyago binti wa shangazi yangu, mjukuu wake wa mwisho. Kanga ya siku hiyo alishainunua. Shangazi akaja kumwambia mama yake kwamba ataletwa kungwi kutoka Salale. "Kwako siri zinatoka, mama."

Nikapanda boti kwenda kuomba radhi. Nikafika siku ileile ya ngoma. Siku zote Bibi huniita mke mwenza, hunitania kwamba nimemnyang'anya mume. Safari hii alisema, "Karibu, mjukuu wangu," basi. Nikapiga magoti, nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Aibu ile, wallahi, sijapata kuionja tena.

"Nimeshakusamehe," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Alasiri ngoma ikaanza nyumbani kwa shangazi, nyumba ya tatu kutoka pale. Bibi alikuwa amekaa mkekani chumbani kwake, miguu ameinyoosha. Taratibu miguu ikaanza kucheza yenyewe: kisigino, vidole, kisigino. Aliponiona natazama, akaisimamisha, akavuta kanga akaifunika. Chumbani tulikuwa wawili tu. Alikuwa ananificha mimi.