Kengele Niliyoivuta Ili Kuzima Mashine

Mjomba wangu aliletwa hospitali amelala nyuma ya pikapu ya kubebea kahawa, akamwambia muuguzi kwamba ameteleza bafuni. Nyumbani kwake Kituntu hakuna bafu la kutelezea mtu. Kuna uzio wa mabua na jiwe la kusimama. Miguu yake ilinukia ndizi mbivu mpaka mapokezi. Mjomba, mzee wa kanisa, alikuwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia, anakanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, akateleza na kuangukia nyonga. Nilimwamkia shikamoo huku nimejikaza nisicheke. Akaitika marahaba na kunikata jicho, maana alijua pua yangu ni nzima.

Kicheko kiliniisha nilipomwona aliyeketi kando ya machela yake: fundi wa mifupa wa kijijini kwao, na chupa ya samli mkononi.

"Mwihwa," mjomba akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi mtoto wa dada yake, "hiyo picha yenu isipotoka upesi, huyu atanivuta mguu hapa hapa, twende zetu."

Daktari alikwisha kumwonya kwamba kama nyonga imevunjika, mguu ukivutwa anaweza asisimame tena maisha yake yote. Eksirei ndiyo ingeamua. Eksirei ikapigwa, na picha ikatoka nusu. Kiuno kilionekana vizuri. Chini yake, pale pale tulipopataka, palikuwa peusi kama tako la sufuria. Kisha programu ikaganda.

Mtu wa kompyuta katika hospitali hii ndogo ya misheni ni mimi. Tuna seva moja, na ndani yake kuna kompyuta isiyo na mwili, mashine pepe, inayohudumia mapokezi, maabara, duka la dawa na eksirei. Wiki ile watu walikuwa wamelalamika kwamba imekuwa nzito. Fundi wa kampuni iliyotuuzia, akiwa Mwanza kwenye kiti chake, akaiongezea kumbukumbu kwa mbali huku inafanya kazi, akanitumia kidole gumba kwenye simu. Kuizima halikuwa jambo la kuzungumzwa. Seva ya kwanza iliungua siku umeme uliporudi kwa hasira. Hii ya pili mchungaji aliiwekea mikono, na tangu hapo mganga mfawidhi, daktari mkuu wetu, ameamuru isizimwe kwa sababu yoyote.

Nikafungua taarifa za mfumo. Kadi ya eksirei ilikuwa imekataliwa kuandika. Kadi ile haiombi ruhusa kwa prosesa. Hubeba picha na kuipeleka yenyewe kwenye kumbukumbu, kama jirani anayeingilia mlango wa jikoni bila hodi. Wenyewe huita DMA. Lakini ndani ya seva yupo mlinzi mwenye ramani ya vyumba vya kumbukumbu ambavyo kadi inaruhusiwa kuingia, na ramani yetu ilichorwa siku mashine ilipowashwa. Vyumba vilivyoongezwa kutoka Mwanza havikuwemo. Nusu ya picha iliingia vyumba vya zamani; nusu yenye nyonga ya mjomba ikafungiwa nje.

Nilijaribu kuiondoa ile nyongeza, ikagoma, kwa kuwa programu nyingine zilishahamia humo. Dawa ikawa moja tu: kuizima mashine, kuipa kumbukumbu yote kabla haijaamka, ramani ichorwe upya.

"Na isipowaka?" mganga mfawidhi akaniuliza.

"Mjomba atavutwa mguu, daktari."

Akashusha pumzi. "Haya. Lakini kwanza watu wote watoke kwenye mfumo."

Nikapita kuwaomba. Mapokezi wakasema nakuja. Maabara wakasema namalizia. Wa duka la dawa hata macho hakuinua. "Nakuja" ya hapa kwetu inaweza kubeba mimba na kujifungua. Niliporudi, fundi wa mifupa alikuwa ameshakunja mikono ya shati na kumimina samli kiganjani. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa hukasirika.

Kengele ya kanisa letu hulia asubuhi kwa sala. Ikilia saa nyingine yoyote, maana yake tumefiwa, na kila mtu huacha alichoshika akasimama uani. Nikaenda nikaivuta kamba kwa nguvu zangu zote.

Walitoka wote. Hata fundi wa mifupa alijifuta samli akatoka, maana kukaa kitako kengele ya msiba inalia ni kujitafutia maneno. Nikakimbilia chumba cha seva, nikaizima mashine, nikairekebisha, nikaiwasha. Skrini ilipokuwa nyeusi niliomba kwa dhati, mimi ambaye kwenye sala ya asubuhi hukaa nyuma nikichati. Ikawaka.

Uani, mama mmoja wa kufulia alikuwa tayari anaomboleza, ingawa hakujua anamlilia nani.

"Nani amefariki?" mganga mfawidhi akauliza.

"Hakuna. Nilitaka mtoke kwenye kompyuta."

Nilitukanwa kwa Kinyambo na kwa Kihaya, na mchungaji akaongezea Kiswahili.

Picha ya pili ilitoka nzima. Shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imekatika kabisa. Fundi wa mifupa aliitazama kwa muda mrefu, akafunga chupa yake, akaaga. Mjomba akaandikiwa rufaa ya kwenda Bukoba kufanyiwa upasuaji, nami nikapanda naye gari la wagonjwa.

Njiani nilimtania kuhusu bafu lake. Tulipokaribia Kyaka ndipo akasema, macho yakiwa kwenye paa la gari, "Ile kengele, nilijua ni yangu. Nikajua mmeona kwenye picha kwamba siponi, mkaona haya kuniambia. Wote mlitoka, mkaniacha peke yangu."

Katika wote niliowafikiria nilipovuta ile kamba, sikumfikiria mtu asiyeweza kuinuka. Nilimwomba radhi, nikalia. Akaupapasa mkono wangu, akaushika, na hakuuachia mpaka Bukoba.